Nilichomwa chanjo ya mafua bega likaganda, nani wa kunilipa?

Wapendwa, mwezi huu barua nne zimekuja kwa pamoja na zote zinagusa kitu kimoja, mtu kachanjwa akaumia na anataka kujua haki yake iko wapi. Nimezipa ukurasa wote. Kwa wageni wa safu hii, mi ni mkalimani, miaka mingi nimekaa katikati ya mgonjwa na dokta, na katikati ya mteja na wakili. Wakili mwenyewe si mimi, kwa hiyo nitakayosema yachukue uende nayo kwa wakili ukiwa ushajua cha kumuuliza.

SWALI

Shikamoo mama. Mi ni msomaji wako wa Columbus, Ohio, kwetu Mombasa. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mwaka juzi mwezi wa kumi nilienda famasi kuchukua dawa ya mtoto, kijana wa pale akaniuliza mama ushachoma chanjo ya mafua, nikamwambia bado, akasema bima inalipa yote, basi nikakaa kwenye kiti. Nilikuwa nimevaa dira na hijabu na pale ni mbele za watu, sikutaka kukunja nguo mpaka juu, akanivuta shingo ya dira akanichoma juu kabisa pale mfupa wa bega unapoanzia. Usiku ule sikulala. Nilimtumia dada yangu Mombasa voisi ya Whatsapp nikamwambia mkono unawaka moto. Kila mtu akaniambia chanjo ndo huuma hivo siku mbili tatu utapoa, nikawa nameza panadol naenda kazini.

Mama, haukupoa. Nikiswali takbira nainua mkono mmoja. Binti yangu kumsuka siwezi, anaenda kwa jirani. Nimekaa wiki 11 ndo nikaenda kwa dokta, baadae wakapiga MRI wakaona uvimbe na maji ndani ya bega, wakasema bega limeganda, nimechomwa sindano za stiroidi mbili na fizio, yale mazoezi ya kunyoosha viungo, nimeenda mara 22. Sasa ni mwaka na miezi saba na bado siwezi kumgeuza mgonjwa kitandani, kazini wamenipunguzia masaa.

Mwenzangu kazini anasema kuna pesa serikali inalipa. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema tukiishtaki serikali na kesi yake ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado iko ofisini si tutajitafutia balaa. Halafu mwanangu mkubwa kafungua rekodi zangu za hospitali kwenye simu, ile siku ya kwanza wameandika naumwa kiganja na eti kimeanza siku mbili zilizopita. Wallahi mi sikusema hivo. Je nishachelewa? Wakili nitamlipa na nini? Na sitaki watu waseme napinga chanjo, watoto wangu wote wamechanjwa.

Mama wa Watatu, Columbus

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana, na pole ya hiyo takbira imenigusa.

Hujachelewa. Naanza na hilo manake najua ndo linalokunyima usingizi. Mwenzako wa kazini kasema kweli, mfuko upo, unaitwa VICP, ni mpango wa serikali ya Marekani wa kuwalipa watu walioumizwa na chanjo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1986 na mpango ukaanza kupokea madai Oktoba 1988. Kisa chake ni kwamba miaka ile wazazi walikuwa wanawashtaki watengenezaji wa chanjo ya kifaduro na pepopunda kwa wingi, kampuni moja baada ya nyingine zikawa zinaacha kutengeneza, chanjo zikaanza kuadimika, ndo Bunge likasema basi, anayeumia alipwe kutoka mfuko maalum bila kulazimika kuthibitisha nani kakosea, na watengenezaji nao waendelee kutengeneza. Pesa ya mfuko inatoka kwenye chanjo zenyewe, kila dozi inakatwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa, kwa hiyo ile shoti yako ya mafua ilitoa senti 75 na ile ya surua, matubwitubwi na rubela inatoa dola 2 na senti 25. Yaani mwanangu wewe huombi sadaka, na wala humpingi mtu. Mfuko uliwekwa na watu wanaotaka chanjo ziendelee. Serikali yenyewe ndo inasema ukichukua dozi zote zilizosambazwa, anayelipwa ni kama mtu 1 kwa kila dozi milioni 1. Ni wachache sana, na wewe unaweza ukawa mmoja wao, na kuwa mchache hakukuondolei haki yako.

Sasa saa. Una miaka 3, na hapa ndipo watu wetu wengi wanapopotelea, miaka hiyo haihesabiwi tangu dokta alipokwambia bega limeganda wala tangu siku ya MRI, inahesabiwa tangu dalili ya kwanza kabisa, na kwako dalili ya kwanza ni usiku uleule. Kwa hiyo umebakiwa na mwaka mmoja na miezi mitano hivi, na usiutumie wote, manake wakili mzuri anataka miezi kadhaa ya kukusanya rekodi kabla hajafungua. (Kwa aliyefiwa hesabu ni nyingine, miaka 2 tangu kifo na isizidi 4 tangu dalili ya kwanza ya kilichomuua.) Sharti la pili ni madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au yawe yalikulaza hospitali na kukufanyisha operesheni. Wewe miezi 6 ushaipita zamani.

Lako lina jina, madokta na mawakili wanaliita SIRVA, jeraha la bega linalotokana na namna chanjo ilivyochomwa. Sindano ikipanda juu sana inaweza kuingia kwenye kile kifuko cha ute kilicho chini ya msuli, dawa ikamwagwa mahali isipotakiwa, mwili ukaanza kupigana nayo palepale. Ile dira kuvutwa shingoni kwa akili yangu ndo chanzo chote, na nitarudi hapo. SIRVA iliingizwa mwaka 2017 kwenye jedwali la serikali la majeraha yanayotambuliwa, mwaka 2021 ikatolewa na ikarudishwa mwaka huohuo kabla haijawaathiri watu. Kuwa kwenye jedwali ni kitu kikubwa, manake ukitimiza masharti sheria inachukulia kwamba chanjo ndo iliyokuumiza na ni juu ya serikali kuonyesha vinginevyo. Masharti yenyewe ni haya: maumivu yaanze ndani ya saa 48, hilo bega lisiwe lilikuwa linauma kabla, maumivu na kushindwa kuinua viwe kwenye bega hilohilo lililochomwa, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo. Ukikosa sharti moja kesi haifi, ila itabidi mthibitishe wenyewe kwa daktari mtaalam, na hapo safari inakuwa ndefu.

Soma tena hayo masharti kisha uangalie ile rekodi ya siku ya kwanza. Kiganja. Siku mbili zilizopita. Umeona shida ilipo?

Mi nakuamini kwamba hukusema hivo, na nadhani najua ulisema nini. Ulisema mkono unaniuma, umeanza juzijuzi nilipochanjwa. Au sio? Kiswahili chetu mkono ni kuanzia begani mpaka kwenye kucha, Mzungu ana neno lake la kiganja na neno lake la mkono wa juu na neno lake la bega, na mkalimani asipouliza mkono wapi hasa atachagua moja, akikosea ndo limeandikwa hilo. Na juzijuzi yako yenye maana ya siku za karibuni ikageuzwa ikawa juzi ya siku mbili nyuma. Nasema hivi kwa uchungu manake mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilohilo, miaka ya mwanzo, mama mmoja wa Bukavu akasema mkono mi nikatafsiri kiganja, wakampiga picha ya kiganja na akazungushwa wiki kadhaa ndo mtu akaja kugusa bega. Sijasahau sura yake. Tangu siku hiyo mtu akiniambia mkono namwambia nionyeshe kwa kidole. Na saa pia, ukisema lilianza saa mbili usiku, kwa saa yetu ni saa mbili baada ya magharibi, mkalimani wa simu aliyekaa mbali huko anaweza kuandikisha saa nane ya usiku, na kwenye kesi ya saa 48 mambo kama haya yanaulizwa.

Kuna na lile la kuvumilia. Dokta anaingia anauliza hali yako, sisi tumelelewa tujibu nzuri, salama, alhamdulillahi, hata kama tumebebwa kwa machela. Ile nzuri yako inaandikwa kwamba mgonjwa hana malalamiko. Nimeona kesi serikali imeshika karatasi moja ya namna hiyo, mgonjwa alikwenda kwa ajili ya presha, hakutaja bega, na wakili wa serikali anasema kama bega lilikuwa linauma kiasi hicho kwa nini siku hiyo hukusema? Alhamdulillahi sema, ila endelea, sema alhamdulillahi na bega la kulia halijapona tangu ile chanjo.

Rekodi iliyokosewa inarekebishika, fanya haya wiki hii. Una haki kisheria ya kuiandikia hospitali kwamba maelezo fulani si sahihi na kuomba wayarekebishe, wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 60, na wakikataa barua yako ya kupinga unaweza kudai ikae kwenye faili. Omba rekodi zote za fizio, manake wale siku ya kwanza huuliza vizuri zaidi kuliko dokta, lilianzaje na lilianza lini, mara nyingi utakuta wameandika wazi tangu chanjo ya mafua. Nenda pale famasi uombe karatasi ya chanjo yenye tarehe, namba ya bechi na mkono uliochomwa, na uikague, manake kompyuta za baadhi ya famasi zinajaza mkono wa kushoto zenyewe mtu asipobadilisha. Na ile voisi ya dada yako mwanangu usiifute, wala usibadilishe simu kabla hujaitunza. Tarehe na saa ziko pale, sauti yako iko pale, unalia mkono unawaka moto usiku wa siku ileile. Mwambie dada yako naye asiifute kwake. Itatafsiriwa na mfasiri anayeweka saini yake kwamba tafsiri ni ya kweli, na dada yako, mumeo, hata yule jirani anayemsuka binti yako wanaweza kuandika kiapo cha walichokiona. Majaji wa hii kesi wanaipa uzito mkubwa karatasi iliyoandikwa wakati ule wa tukio, ila sheria inawaruhusu kukubali kwamba maumivu yalianza mapema hata kama karatasi haikusema, wakiridhika na ushahidi mwingine.

Kesi inafunguliwa kwenye Mahakama ya Madai ya Shirikisho iliyoko Washington, sio mahakama ya pale Columbus. Anayedaiwa kwenye karatasi ni Waziri wa Afya wa Marekani, madokta wa wizara wanasoma faili lako, mawakili wa Wizara ya Sheria wanajibu, na anayeamua ni jaji maalum wanamwita speshali masta, wako 8. Yule kijana wa famasi humshtaki na humtaji kwa ubaya. Ukweli ni kwamba hata ungetaka kwenda kumshtaki moja kwa moja usingeweza, sheria inakulazimisha upite kwenye mfuko kwanza kama unadai zaidi ya dola 1,000. Wala huhitaji kupanda ndege, mengi yanakwenda kwa karatasi na simu, na kesi nyingi zinazolipwa zinaishia kwenye makubaliano. Ila usitegemee ya haraka, kaa ukijua inaweza kuchukua miaka miwili, mitatu.

Wakili. Hapa nataka usome mara mbili na umsomee na mumeo. Wakili wa kesi ya chanjo analipwa na mfuko, mbali kabisa na pesa yako, na analipwa HATA UKISHINDWA mradi kesi ilifunguliwa kwa nia njema na ilikuwa na msingi. Sheria inamkataza kukutoza hata senti juu ya hiyo. Kwa hiyo yeyote atakayekwambia nipe asilimia 33 ya utakacholipwa, kama zile kesi za ajali za barabarani, ondoka. Na wale watu wetu wa kati, wale wa nipe dola 500 nikujazie fomu nina mtu Washington, nawaomba kabisa jamani msiwape. Ada ya mahakama ni kama dola 400 na mawakili wengi huitanguliza wenyewe kisha wanarudishiwa. Wakili awe ameruhusiwa kwenye mahakama hiyo, tovuti ya mahakama ina orodha ya wanaofanya kesi za chanjo, na anaweza kuwa Boston au Florida haidhuru. Uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili, usimtumie mwanao kutafsiri maumivu yako.

Kinacholipwa ni matibabu ambayo bima haikulipa na yatakayokuja, mshahara uliopotea (tunza zile slipu za malipo za kabla na baada ya kukatwa masaa), na fidia ya maumivu na mateso ambayo dari yake ni dola 250,000. Nimesema dari. Kesi za bega nyingi hazifiki huko, mtu akikutajia robo milioni kabla hajasoma faili lako anakuuzia ndoto.

Tukija kwa mumeo, na namheshimu shemeji manake hofu yake ina sababu, siku hizi nani hana hofu. Sheria hii haidai uraia. Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi, anayesubiri hifadhi, wote wanaweza kudai, na wapo walioumia na chanjo zilezile walizochomwa kwa ajili ya karatasi za uhamiaji. Kumshtaki Waziri wa Afya hapa si ugomvi na serikali, ndo mlango pekee waliouweka wenyewe. Hata hivo mkamwone wakili wake wa hifadhi mumwambie kabla hamjafungua, asije akashtukizwa. Na kitu ambacho wengi hawaambiwi: uamuzi unachapishwa kwenye intaneti, jina lako na hali yako ya afya vinaweza kusomwa na mtu yeyote, una siku 14 tu baada ya uamuzi za kuomba vitu vya siri vifichwe. Mwambie wakili mapema.

Na kuhusu ile dira. Dada zangu mnaovaa stara, msikubali kuvutwa shingo ya nguo. Omba chumba, omba pazia, omba mwanamke, vaa ndani blauzi ya mikono mifupi, bega lote lionekane, ukae na anayekuchoma naye akae, na sindano iingie katikati ya msuli, vidole viwili au vitatu chini ya ule mfupa wa juu. Ukiona anaelekea juu mwambie teremsha. Hapo hutakuwa umemvunjia heshima hata kidogo.

SWALI

Habari za kazi. Mimi nilichoma ya covid dozi ya pili 2021 hapa Texas, siku ya tatu kifua kikanibana nikalazwa siku nne wakasema ni uvimbe kwenye moyo. Nimepona alhamdulillah ila bili bado inanifuata mpaka leo. Na mimi nitumie mpango huohuo?

Kaka wa Dallas

JIBU

Kaka yangu natamani ningekuwa na jibu jingine. Chanjo za covid haziko kwenye ule mfuko. Ziliwekwa kwenye mpango mwingine unaoitwa CICP, wa mambo ya dharura, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, na huo muda wake ni mwaka 1 tu, tena unahesabiwa tangu siku uliyochomwa, sio siku ulipougua. Wako uliisha 2022 na watu wengi walikuwa hawajasikia hata jina lake. Huko hakuna jaji, ofisi ya wizara ndo inaamua, haulipi maumivu na mateso, haulipi wakili, na unalipa tu kile ambacho bima na wengine hawakulipa. Madai ya covid yaliyopelekwa ni zaidi ya 10,000 na waliolipwa ni makumi tu. Mi naona si haki, nasema wazi, mtu aliitikia wito wa nchi akanyoosha mkono, na aliyechomwa ya mafua kwenye kiti hichohicho ana miaka 3 na wakili wa bure. Miswada ya kuzihamisha covid kwenye mfuko mkubwa imeshapelekwa Bungeni zaidi ya mara moja, muandikie mbunge wako, simu za ofisi zao zinapokelewa na wanahesabu.

Kuhusu bili. Kama ile hospitali si ya biashara, sheria ya Marekani inaitaka iwe na utaratibu wa maandishi wa kusaidia wasio na uwezo, waombe hiyo fomu kwa jina la msaada wa kifedha, hata kama bili ishapelekwa kwa wakusanya madeni piga uulize, usiahidi kulipa kitu kwenye simu kabla hujaipata. Na kama mwajiri wako ndo alikulazimisha kuchanja, ongea na wakili wa fidia za wafanyakazi wa hapo Texas, japo muda nao umekwenda.

Ah, na jingine. Uliniandikia kwenye karatasi ya pili kwamba dokta wako alishatuma ripoti serikalini 2021 ukadhani ndo madai yenyewe. Ile ni VAERS, ni daftari la kufuatilia madhara, ripoti yake ni muhimu kwa usalama wa wote ila haifungui kesi wala haisimamishi saa. Hili limewaponza wengi, hata wa ule mfuko mkubwa.

SWALI

Mama shikamoo. Baba yangu miaka 68 tulimchomesha homa ya manjano na taifodi hapa Minnesota tukijiandaa kwenda Kigoma, na siku hiyohiyo wakamuongezea ya mkanda wa jeshi. Amepata udhaifu wa miguu, yuko hospitali. Mfuko unamhusu?

Binti wa Mzee, Minneapolis

JIBU

Marahaba, na Mungu amnyanyue mzee. Hizo tatu zote hazimo. Mfuko unashika chanjo zilizopendekezwa kutolewa kwa kawaida kwa watoto au wajawazito na zinazokatwa ile kodi, ndo maana mafua, pepopunda, surua, homa ya ini, polio, na hata ile ya homa ya uti wa mgongo tunayochomwa kwenda Hija zimo, hata aliyechomwa akiwa mtu mzima. Homa ya manjano, taifodi, kichaa cha mbwa na mkanda wa jeshi haziko. Kwa hizo njia ni kesi ya kawaida, dhidi ya mtengenezaji au aliyechoma, na muda unategemea sheria ya jimbo na unaweza kuwa mfupi, kwa hiyo usingoje atoke hospitali ndo uanze kutafuta wakili. Lakini kwanza kabisa kaombe karatasi ya chanjo zote za siku ile. Watu wakienda kliniki ya wasafiri mara nyingi wanaongezewa na pepopunda au homa ya ini bila kukumbuka, na ikiwepo hata moja ya hizo, na dokta akasema udhaifu wa miguu ni Guillain-Barré (ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu) au kitu cha jamii hiyo, basi mlango wa mfuko unaweza kufunguka. Muulize dokta wake kwa jina hilo.

SWALI

Sisi tuko Uingereza, Leicester. Mdogo wangu alipata damu kuganda kichwani wiki mbili baada ya chanjo ya covid Machi 2021, mkono wa kushoto na mguu vimedhoofu. Ameomba ile fidia ya serikali, wamemjibu kwamba ni kweli chanjo ndo ilisababisha lakini ulemavu wake haufiki asilimia 60 kwa hiyo hapati kitu. Hivi hii inawezekanaje?

Kaka Mkubwa

JIBU

Inawezekana, kwa sababu sheria yenu ni ya mwaka 1979 na imejengwa kama mlango wa yote au hakuna. Ukifika asilimia 60 unapewa pauni 120,000 kwa mkupuo bila kukatwa kodi, ukiwa na 59 hupati hata nauli, na hizo pauni 120,000 hazijapanda tangu 2007. Kupimwa kwenyewe wanatumia vipimo vya watu walioumia viwandani, na kwenye vipimo hivo mtu aliyepoteza kiganja kizima ndo anafika 60. Fikiria hapo.

Ila wamekubali chanjo ndo chanzo, na hicho kaka ndo kigumu kuliko vyote, wengi wanaangukia hapo. Kilichobaki ni kubishania asilimia. Anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya, na wakikataa tena anakwenda baraza la rufaa ambalo haliko chini ya ofisi iliyomnyima. Sasa mtazame ripoti ya mpimaji mstari kwa mstari. Mara nyingi anapima kwa kusoma faili tu bila kumuona mtu, na faili la hospitali linaandika anatembea mwenyewe, haliandiki kwamba anatembea hatua 40 akakaa, kwamba hafungi kifungo, kwamba amesahau majina ya wanawe mchana mzima, kwamba usiku analia. Damu iliyoganda kichwani haigusi mkono na mguu tu, inagusa kumbukumbu, uchovu, hasira, macho, kifafa, na kila kimoja kina asilimia yake kinatakiwa kijumlishwe. Muombeni dokta wa ubongo na mtaalam wa saikolojia waandike hayo, na mkewe aandike siku moja nzima kuanzia alfajiri mpaka kulala, bila kupamba na bila kuficha aibu.

Miaka 6 tangu chanjo ndo mwisho wa kudai kwa mtu mzima, kwake ni Machi 2027, hilo kalitimiza manake dai lake liko ndani. Kwenda mahakamani kushtaki ni jambo tofauti na halifungwi na fidia hii, japo wakimpa pauni 120,000 zitatolewa kwenye atakachoshinda, na muda wa kesi ya majeraha kwa kawaida ni miaka 3, kwa hiyo kuhusu hilo amuone wakili wiki hii, hata kesho. Na akienda barazani adai mkalimani, wanatoa bila malipo, na akiulizwa mkono unafanyaje aonyeshe kwa kidole.